Mafuta ya cherehani, tabaini au grisi: nini kinafaa wapi ndani ya projekta ya 16mm

Mtu anayerithi projekta huwa na swali moja kabla ya mengine yote: niitie mafuta gani? Ameikuta stoo kwa babu yake, au parokia imesafisha ghala ikatoa sanduku zito lenye lenzi. Amechomeka umeme, mota imeunguruma, picha imetikisika ukutani, kisha mashine ikaanza kusaga kama kinu chenye mchanga. Hapo mkono unakwenda kwenye chupa iliyo karibu. Jikoni kuna mafuta ya alizeti, gereji kuna oili, kwa fundi cherehani kuna kichupa chenye mdomo mrefu, na kwenye gari kuna kopo la kupuliza kutu.

Nimefungua mashine zilizotiwa kila kimoja cha hivyo. Mbaya kuliko zote ilikuwa iliyotiwa mafuta ya kupikia. Ilikuwa imekaa miaka, na gia zake zilikuwa zimeshikana kwa utando wa rangi ya asali, mgumu kiasi kwamba ukucha haukwangui. Nilikaa nayo siku mbili na mswaki kabla shafti ya kwanza haijakubali kuzunguka kwa mkono. Ndiyo maana naandika ulinganisho huu kwa urefu: aliyeitia mafuta yale alikuwa anaipenda mashine yake, ila hakuwa na mtu wa kumwambia.

Nazungumzia zaidi 16mm kwa sababu ndiyo iliyobaki mikononi mwa watu wa kawaida. Kodak waliitoa filamu ya upana huo mwaka 1923, na tangu mwanzo ilitengenezwa kwa plastiki ya asetati isiyolipuka moto kama naitreti ya filamu za zamani, kwa hiyo iliweza kwenda shuleni, kanisani na vijijini. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri katika milima ya Usambara, ulipiga filamu zake kwa 16mm na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini. Miaka mingi baadaye magari ya sinema yaliendelea kutandika shuka jeupe viwanjani. Projekta za namna ile ndizo tunazozikuta leo chini ya maturubai.

Mafuta yenyewe yanakwenda kufanya kazi gani

Geuza ile nobu ya pembeni kwa mkono, taratibu, umeme ukiwa umechomolewa, na uangalie mahali filamu inapopita mbele ya taa. Utaona ukucha mdogo wa chuma unachomoza, unaingia kwenye tundu la pembeni mwa filamu, unaivuta chini picha moja, unarudi ndani, unapanda, unachomoza tena. Katika filamu yenye sauti ukucha ule hufanya hivyo mara 24 kwa sekunde. Sinema ya dakika 90 ni safari 129,600. Kinachousukuma ni kamu, kipande cha chuma chenye umbo la yai, na kamu hiyo ikizunguka kavu hulika haraka kuliko kitu kingine chochote ndani ya mashine.

Kando yake kuna taa. Mashine za zamani zilibeba balbu za wati 750 au 1000, na ingawa feni inapuliza muda wote, chuma cha jirani kinapata moto. Mafuta yaliyo mazito vizuri asubuhi yanakuwa maji baada ya nusu saa ya kuonyesha. Jambo hili ndilo linaloamua mengi hapo chini, hasa kwetu Pwani ambako chumba chenyewe kina nyuzi 30 na zaidi kabla hata hujawasha swichi.

Kwa hiyo ndani ya sanduku moja kuna mahali pa aina tatu. Kuna shafti nyembamba zinazozunguka kwa kasi, zinazotaka mafuta ya majimaji. Kuna meno ya gia yanayosuguana, yanayotaka kitu kinachoganda hapo hapo kisirushwe. Na kuna sehemu ambazo tone moja tu ni uharibifu. Chupa moja haiwezi kuhudumia zote tatu, hata iwe ya bei gani.

Cherehani dhidi ya tabaini

Huu ndio ushindani wa kweli, na ndio nitakaoutumia muda mwingi.

Mafuta ya cherehani yana sifa tatu nzuri. Yanapatikana kila soko, bei yake haimuumizi mtu, na yakiwa halisi ni mafuta ya madini yaliyosafishwa sana, meupe kama maji, yasiyoganda yakawa gundi. Unene wake kwa kawaida uko kati ya sentistoki 10 na 22 yakipimwa kwenye joto la nyuzi 40 (sentistoki ni kipimo cha unene wa mafuta, namba kubwa ndiyo mafuta mazito). Ni mepesi. Wepesi huo ni baraka pale mafuta yanapotakiwa kusafiri: projekta nyingi za chuma za zamani zina vitundu vya mafuta juu ya sanduku, na kutoka hapo kuna mirija myembamba inayokwenda hadi kwenye kipande cha felti, kitambaa kinene kinachonyonya mafuta, kinachogusa shafti. Mafuta mazito hukwama njiani. Ya cherehani hufika.

Mafuta ya tabaini (turbine, kama zile za kuzalisha umeme) namba 32 ni jamii nyingine. Hiyo 32 ni unene wake kwa sentistoki kwenye nyuzi 40 zile zile, yaani mara moja na nusu ya cherehani nzito au mara tatu ya cherehani nyepesi. Yalitengenezwa kwa ajili ya mitambo inayozunguka miezi bila kusimama, kwa hiyo yamewekewa viungo vya kuzuia kutu na kuzuia mafuta yenyewe yasichache kwa joto na hewa, basi. Hayana sabuni za kusafishia kama oili ya injini. Kwa bushi ya projekta, yaani pete ambamo shafti huzunguka, iliyo karibu na taa hicho ndicho unachotaka: mafuta yatakayobaki mafuta hata ukiisahau mashine mwaka mzima.

Mwaka juzi niliamua kuacha kubishana na watu kwa maneno. Nilichukua kipande cha kioo cha dirisha, nikadondosha tone moja la kila nilichokuwa nacho, nikakiweka darini chini ya mabati, nikakifunika kwa boksi ili vumbi lisiingie. Kopo la kupuliza kutu liliondoka kwanza. Siku ya pili palibaki alama tu. Alizeti liliacha kutiririka baada ya wiki kadhaa, na mwezi wa tatu nilipoligusa lilivuta uzi kama utomvu wa fenesi. La nazi lilinishangaza: asubuhi za Julai nililikuta limeganda jeupe, mchana limeyeyuka, na harufu yake ikageuka. Si ajabu ukifikiri, maana mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Cherehani lilibaki la majimaji lakini lilitambaa, likawa duara pana jembamba kama doa la maji. Tabaini lilikuwa pale pale nilipoliacha, limejikusanya, safi.

Kutambaa kule ndiko kasoro ya cherehani. Ndani ya projekta yanatambaa vilevile, kutoka kwenye bushi hadi kwenye ukuta wa sanduku, kutoka ukutani hadi kwenye mkanda wa mpira, na siku moja yanafika kwenye filamu. Na pale yalipoondoka hapana kitu. Fundi wa zamani aliyeonyesha sinema kila wiki hakusumbuliwa na hilo kwa sababu alitia tone jipya kila alipofungua sanduku. Mafuta yalikuwa yanapita tu kama mgeni. Wewe unayeiwasha Krismasi na Idi huna desturi hiyo.

Basi uamuzi wangu ni huu. Mashine ya chuma yenye vitundu vya mafuta, inayotumika mara kwa mara, au inayoishi kwenye baridi ya Lushoto au Njombe: cherehani inatosha kabisa, usihangaike. Mashine inayokaa miezi bila kazi, iliyo Pwani, au yenye bushi za shaba zenye vitundu visivyoonekana kwa macho: tafuta tabaini 32. Bushi zile zimetengenezwa kwa unga wa shaba ulioshindiliwa na kuchomwa, na ndani ya vitundu vyake zilinyweshwa mafuta kiwandani kama sifongo. Zikikauka unazinywesha tena kwa matone machache ya mafuta ya namna hii na kuziacha usiku kucha. Usizipake grisi kamwe, inaziba vitundu. Na ukiziosha kwa mafuta ya taa umeondoa pia yale yaliyokuwa ndani, kwa hiyo lazima uzinyweshe upya kabla ya kuwasha.

Shida ya tabaini ni kuipata. Inauzwa kwa ndoo za lita 20 na mapipa, na muuzaji hataki kukufungulia ndoo kwa ajili ya nusu lita. Mimi nilikwenda kwa fundi wa mashine za haidroliki, nikamweleza ninachokitaka na kwa nini.

"Kaka, nusu lita tu? Lete chupa," akaniambia, akachota kwenye ndoo mpya mbele ya macho yangu.

Aliyonipa ilikuwa ya haidroliki namba 32, ambayo kwa kazi hii naihesabu ndugu wa tabaini. Unene ni ule ule. Sharti ni moja: iwe haijawahi kuingia kwenye mashine. Chupa ile bado ninayo na haijafika nusu.

Ukinunua ya cherehani, ifungue dukani uinuse. Halisi haina harufu ya maana na haina rangi. Ikinuka mafuta ya taa au kama ina unjano wa chai, irudishe, maana vichupa hujazwa upya mitaani.

Zinazokataliwa, kwa kifupi

Oili ya gari watu huipenda kwa sababu ni "nguvu". Ile ya 20W-50 inayouzwa kila kona ina unene unaozidi sentistoki 150 kwenye nyuzi 40, na mota ndogo ya projekta inaisikia. Zaidi ya hapo, imewekewa sabuni zinazobeba masizi na uchafu viendelee kuelea hadi vifike kwenye chujio. Projekta haina chujio wala pampu, hivyo uchafu unaelea na kuzunguka kwenye bushi ile ile. Oili chafu, ile tunayopaka nguzo dhidi ya mchwa, ina vumbi la chuma na asidi. Iache kwenye nguzo.

WD-40, lile kopo la kupuliza kutu, ilibuniwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma, na herufi zake mbili zinasema hivyo hivyo. Kwa skrubu iliyoshika kutu ni msaada mkubwa. Kwa bushi, inayeyusha grisi iliyokuwepo, inaisukuma nje, halafu yenyewe inakauka. Mashine hunyamaza siku hiyo, mwenyewe akafurahi, na mwezi ujao inapiga kelele kuliko mwanzo. Ubaya mwingine ni kupuliza kwenyewe: ukungu ule unafika kwenye lenzi, mpira na ngoma ya sauti (gurudumu laini filamu inapopita ili sauti isomwe) kwa pigo moja.

Vaselini inaonekana safi na ipo kila nyumba, lakini inayeyuka kati ya nyuzi 40 na 60 hivi. Karibu na balbu ya wati 750 itatiririka kama mshumaa. Ya jikoni nimeshayasema.

Grisi: hapa plastiki ndiyo inayoamua

Fungua kifuniko cha nyuma uangalie gia zako kabla hujanunua chochote. Chuma kwa chuma, au chuma kwa plastiki? Jibu la grisi linabadilika papo hapo.

Grisi ya magari, ile nzito ya beringi za magurudumu, niitoe mezani kwanza. Niliwahi kuletewa mashine iliyoshindiliwa grisi hiyo hadi kwenye boksi la gia. Ilikuwa inawaka, picha inaonekana, lakini waigizaji walizungumza kama watu waliotoka usingizini, sauti nzito ya kuburuta, na muziki ulishuka hadi ukawa maombolezo. Filamu ilikuwa nzima na kikuza sauti kizima. Mota ilikuwa inavuta matope tu, haifiki mwendo wake wa picha 24. Nilipotoa grisi yote na kupaka kiasi cha punje ya mchele kwenye kila gia, waigizaji waliamka.

Grisi nyeupe ya lithiamu ni chaguo la heshima kwa gia za chuma. Inapatikana kwenye maduka ya spea, haina rangi ya kuchafua, na inashika mahali pake. Nunua ya tyubu, si ya kopo la kupuliza, kwa sababu ya kupuliza imechanganywa na kiyeyushi kinachoweza kuipasua plastiki ya jirani. Udhaifu wake ni umri: baada ya miaka mafuta hutengana na sabuni yake, ile inayoyashika yawe grisi, na kinachobaki ni ukoko wa njano. Ukiona ukoko huo kwenye mashine usipake juu yake. Utakuwa umepaka rangi ukuta uliojaa vumbi.

Grisi ya silikoni ni nzuri plastiki inapokutana na plastiki, au plastiki na chuma kwenye mzigo mdogo. Kwa chuma na chuma kwenye mzigo ni dhaifu. Na ina tabia moja ninayoiogopa: inahama. Chembe ndogo kwenye kidole inafika kwenye lenzi, na kuifuta ikatoka kabisa ni kazi. Nikiitumia navaa glovu na kuivua kabla sijagusa kitu kingine.

Inayoshinda zote kwa maoni yangu ni grisi ya sintetiki yenye unga wa PTFE, ile dawa ya sufuria zisizoshika. Inakubaliana na chuma, nailoni na plastiki ngumu za gia, haikauki haraka, na haitiririki kwenye joto la projekta. Ni ghali na mara nyingi lazima uiagize. Lakini hesabu vizuri: mashine nzima inataka chini ya kijiko cha chai, na tyubu moja itahudumia projekta za wilaya yako yote. Kama una gia za plastiki, hapa usibane pesa.

Nasema hivyo kwa sababu ya ugonjwa unaojulikana na mafundi wa projekta duniani kote. Bell & Howell, kampuni iliyoanzishwa Chicago mwaka 1907, ilitengeneza projekta za Filmosound za chuma ambazo leo bado zinazunguka. Kwenye mifululizo ya baadaye ya 16mm, ile ya kujipitishia filamu yenyewe, shafti kuu ina gia ya plastiki yenye mizunguko kama parafujo, na gia hiyo hupasuka kwa uzee. Grisi iliyoganda inaharakisha, maana kila ukiwasha, plastiki iliyochoka inalazimishwa kuvunja ukoko. Kama una moja ya hizi na hujaiwasha miaka, usiiwashe bado. Mulika tochi kwenye ile gia ya parafujo, izungushe kwa mkono, tafuta ufa mwembamba kama unywele. Ukiuona, hakuna mafuta wala grisi itakayouponya. Wapo watu Ulaya na Marekani wanaotengeneza gia mpya za badala. Usipouona, safisha ukoko wote kwanza.

Mashine tofauti, majibu tofauti

Filmosound ya zamani ya chuma ni rafiki wa anayeanza. Inasamehe. Vitundu vyake hutiwa tone au mawili, gia zake hupewa lithiamu nyeupe au sintetiki, na ukikosea kidogo hakuna kinachovunjika.

Kodak Pageant ilitangazwa kuwa imetiwa mafuta kiwandani kwa maisha yake yote, mwenye shule asihangaike. Walimu waliamini na hawakugusa. Tatizo ni kwamba maisha yake yamekuwa marefu kuliko yaliyotarajiwa, na bushi zilizonyweshwa miaka ya 1950 sasa ni kavu. Hapa hakuna vitundu vya kukuongoza, inabidi ufungue na kufikia kila bushi kwa sindano. Tabaini 32 ndiyo chaguo langu kwa mashine hii bila kusita.

Eumig za Austria, za 8mm na Super 8 (filamu nyembamba za nyumbani), zinataka uangalifu wa namna yake. Nyingi zinaendeshwa na gurudumu la mpira linalogusa gurudumu lingine, bila gia katikati. Mafuta yakifika kwenye mpira ule, mambo mawili yanatokea: leo unateleza, na kesho unavimba, kwa sababu mpira wa asili unakunywa mafuta ya madini na kulainika. Tumia matone madogo kuliko unavyofikiri, kwa ncha ya sindano ya kushonea, na futa mpira kwa spiriti kidogo ukimaliza.

Za 35mm za kumbi kubwa sitazisemea sana. Kule filamu haivutwi na ukucha. Kuna msalaba wa Malta, nyota yenye njia nne inayogeuzwa robo mzunguko kwa kila picha na kamu inayokwenda mizunguko 1440 kwa dakika, na mtambo huo unaishi ndani ya boksi lake lililojaa mafuta. Tumia yaliyoandikwa na mtengenezaji, unene ule ule, na angalia kiwango kwenye kidirisha cha kioo kabla ya onyesho. Cherehani hapo hapana.

Kabla ya tone la kwanza

Mafuta mapya juu ya ya zamani ni kazi bure. Gia za chuma zinasafishwa kwa mswaki uliochovywa mafuta ya taa kidogo, dirisha likiwa wazi na hakuna mtu anayevuta sigara, kisha zinafutwa hadi kitambaa kitoke cheupe. Usitumie petroli, mvuke wake unashika moto kwa cheche ya swichi tu. Plastiki na mpira havipewi mafuta ya taa. Tumia kitambaa kikavu, kijiti cha mbao, na alkoholi ya aisopropili kidogo ukiwa umeijaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Kwa kutia mafuta natumia bomba la sindano la duka la dawa, mililita moja, lenye sindano butu. Kichupa cha cherehani kinatema matone makubwa na hakioni kona. Kwa sindano unafika nyuma ya shafti, unasukuma hadi tone lining'inie kwenye ncha, unaligusisha kwenye ukingo wa bushi na kuliacha livutwe ndani lenyewe. Ukiona limeingia lote, ongeza la pili. La pili likibaki nje, acha, futa. Bushi imeshiba. Felti ya kamu ya ukucha inywe hadi ing'ae, isidondoshe.

Mlango wa filamu, bamba linaloibana filamu, meno ya magurudumu yanayoivuta, ngoma ya sauti na mikanda: hapa hakuna mafuta ya aina yoyote. Kwenye 16mm sauti inasomwa picha 26 mbele ya ile inayoonekana ukutani, filamu ikiwa imekumbatia ngoma laini inayopaswa kwenda mwendo mmoja bila kutetereka. Utando mwembamba wa mafuta kwenye ngoma unaifanya filamu iteleze, na kinanda kinaanza kulia kama kimezama majini. Watu hukimbilia kikuza sauti, wanabadilisha vifaa, kumbe kilichohitajika ni pamba na spiriti.

Ukimaliza, iwashe bila filamu wala taa kwa dakika 10. Sikiliza. Kelele ya kusaga inatakiwa ishuke taratibu na kuwa mnong'ono. Ikibaki mahali pamoja, gusa kuta za sanduku kwa kidole karibu na kila bushi, ile iliyo moto kuliko wenzake ndiyo iliyokosa. Zima, chomoa, futa kila kilichorushwa. Kisha pitisha kipande cha filamu chakavu usichokijali, mita tatu au nne, ukitoe na ukiinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Tone dogo lisiloonekana kwa macho litaonekana hapo kama doa la upinde wa mvua. Likiwepo, futa tena njia nzima ya filamu, subiri hadi kesho yake, na upitishe kipande kingine kabla hujaifungua ile rili ya harusi ya wazazi wako.